Mwalimu Hatunaye Tena

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita mlinigombeza kwa kumwacha Mwalimu Ildefonsi Mbunda mlangoni, mkono juu ya kitasa, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikifundisha ndani. Haya, sasa asukume mlango.

Aliusukuma. Ndani ya Chumba cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Upeo, tawi la Mbinga, wanafunzi wa Kilimo mwaka wa tatu walikuwa wamesimama, vichwa chini. Juu ya meza palikuwa na picha yake, mshumaa unaowaka, na maua ya plastiki yaliyoazimwa kanisani. Na ukutani, kwenye shuka jeupe, alikuwepo yeye mwenyewe tena, mkubwa kama mlango, ana tai, anaeleza jinsi mashimo ya ngolo yanavyozuia mvua isiondoke na udongo wa milimani.

Wa kwanza kumwona alikuwa Gertruda, kiongozi wa darasa. Hakupiga kelele. Mazoea yalimshinda.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," Ildefonsi alijibu.

Hapo ndipo darasa lilipovunjika. Viti vilianguka. Kijana mmoja aliruka nje kupitia dirishani akaacha kiatu. Wawili walipiga magoti wakaanza Salamu Maria, tena kwa haraka ya mtu anayeogopa kutomaliza.

Yule wa ukutani hakujali. Siku aliyorekodiwa, lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka lilipita nje ya dirisha, akanyamaza mpaka likaisha kupita. Kisha akakohoa kile kikohozi chake, kikavu, chenye mluzi mwembamba mwishoni, ambacho wanafunzi walikuwa wakikiigiza bwaloni mpaka wanapaliwa. Akasema neno lake la siku zote.

"Haya, tuendelee."

Msomaji uliyeikuta hadithi leo, tulia, huyu si mzimu. Mwalimu alitumwa Chiwanda, kusini kabisa mwa ufuko wetu wa Ziwa Nyasa, akafungue kituo cha kusomea kwa kompyuta, mahali ambapo ukitaka simu ishike inabidi upande mwamba. Siku ya kurudi jenereta likagoma, akabaki kulitengeneza, boti ikaondoka bila yeye. Boti ile ilizama kabla ya kufika Mbamba Bay. Kisha mvua zikakata barabara, na simu yake ikaisha chaji. Alipoingia Mbinga asubuhi ile ya Jumatano, amekaa juu ya magunia ya usipa, alikuwa ananuka samaki, ana njaa, na hajui kwamba ameshaombolezwa.

Aliyebaki chumbani ni Azizi peke yake, fundi wa kompyuta wa chuo, mtoto wa mzee Swalehe wa duka la vitenge. Azizi alizima projekta, akamsogelea polepole, akamgusa mkono.

"Una joto, Mwalimu," alisema.

"Mwenye joto anataka aelezwe. Nani kawaambia nimekufa?"

Azizi alirudi mezani kwake. Aligeuza kompyuta, akafungua ule ubao wa matangazo wa mtandaoni, ambao kila mwanachuo lazima aupitie kabla ya kuingia kwenye masomo. Tangazo lilikuwa bado liko juu kabisa.

"Uongozi unawatangazia wanachuo wote kuwa Mwalimu Ildefonsi Mbunda hatunaye tena. Masomo yake yataendelea kwa njia ya kompyuta."

Ildefonsi alilisoma mara mbili. Kiswahili kilikuwa safi, na kosa lake hakuliona. Mtu akisema hatunaye tena, sisi tunatafuta kitenge cha kujifunga na tunauliza mazishi ni lini. Nani awaze jingine?

"Kumbe na ninyi mlisikia habari ya boti," alisema. "Basi Dokta Victor, mkuu wetu, hana kosa. Mtu yeyote angedhani."

Azizi alijikuna shingo. Kijana huyu mcheshi sana siku nyingine, leo macho yalikuwa sakafuni.

"Mwalimu, angalia tarehe."

"Ina nini?"

"Boti imezama Jumapili. Tangazo hili nimelibandika mwenyewe Jumamosi, Dokta amesimama nyuma ya kiti changu. Jumamosi hakuna aliyelia. Wengine walidhani umehamishwa. Jumapili habari ya boti ikafika, Jumatatu kila mtu akarudi kulisoma upya. Tarehe hakuna aliyeitazama."

Mwalimu alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mshumaa wake. Alitazama ile picha, akaona wamechagua aliyopigwa kwenye harusi ya mtu, amekunja uso.

"Jumamosi nilikuwa hai," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa Jumamosi mlikuwa hamnaye nani?"

Azizi alipuliza mshumaa ukazimika. 

Dokta Victor, mkuu wa tawi, alikuwa anakunywa chai ofisini. Ninyi mliosubiri azimie, poleni. Ameshapigiwa simu.

"Karibu kiti, Ildefonsi. Pole na safari."

Walisoma seminari moja, hawa wawili, wakalala vitanda vinavyopakana. Ndiyo maana Ildefonsi hakumwita Dokta.

"Victor, watu wamewasha mshumaa mbele ya picha yangu."

"Nimesikia. Tumshukuru Mungu u mzima. Unakunywa chai?"

"Tangazo lako limetangulia boti."

Dokta alikiweka kikombe chini, akakizungusha kwenye kisahani chake. Mtu huyu hajawahi kuongopa akiwa na haraka.

"Ni kweli," alisema. "Wakubwa wa Dar es Salaam waliona masomo yako tumeshayarekodi yote mpaka la mwisho. Wakauliza, mwalimu wa kusimama wa nini tena? Mkataba wako hawakuuongeza. Mimi ningefanya nini?"

"Ulinipeleka Chiwanda ili nisiwepo."

"Nilikupeleka kufungua kituo. Kituo si kimefunguka?"

"Kwa hiyo ulinifukuza kabla sijafa."

"Usitumie neno hilo. Mimi niliandika hatunaye tena. Ni uongo? Kwenye kazi hatunaye. Nilitafuta neno la heshima, lisikuvunjie jina mbele ya watoto. Watu ndio waliokuzika, si mimi."

"Ukanyamaza wanizike."

"Ningesemaje? Dada yako Vitalia anagaagaa chini pale Mkumbi, padre kavaa zambarau anaombea mwili ambao haujapatikana, umati umejaa mpaka kwenye mibuni, halafu mimi ninyanyue mkono niseme jamani, huyu tulimwachisha kazi tu?"

Ildefonsi alijikuta anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na kilimwishia kwa kile kikohozi chake, mluzi mwishoni. Alikumbuka miezi ile ya kurekodi, mablanketi yametundikwa madirishani, jasho linamtoka, Azizi na kamera yake, na Victor akipita kila jioni kumpongeza. Ongeza mifano, Ildefonsi. Usiache kitu. Alikuwa amemwaga chote alichonacho mbele ya ile kamera, na hakujua kwamba anajimaliza.

"Sawa," alisema. "Nimekufa, nimefufuka. Nirudishe darasani yaishe, nami sitasema neno."

Dokta aliinuka, akafunga mlango, akarudi akakaa upande wa Mwalimu, siyo wa kwake.

"Siwezi. Ijumaa wanakuja wakaguzi wa vyuo. Kanuni yao unaijua. Kozi isiyo na mwalimu hai inafutwa, na waliomo hawahitimu. Lakini mwalimu akifariki katikati ya muhula, chuo kinaruhusiwa kumalizia na yale aliyoyaacha. Basi watu waliposhaamini umezama, mimi nikawaandikia wakaguzi."

"Ukawaandikia hatunaye tena."

"Hapana," alisema Dokta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kule niliandika umefariki."

Mnaona mambo hayo? Neno la kwanza lilikuwa na mlango wa nyuma. La pili halina, na waliofungiwa ndani ni wengi.

"Nikikutoa leo," Dokta aliendelea, "mimi nafungwa, hilo najua, na wala usinionee huruma. Lakini mkataba wako Dar hawaurudishi, na watoto wale wanabaki kufundishwa na ukuta. Shahada hawapati. Kaa ndani mpaka Ijumaa. Wakaguzi wakiondoka tutasema umepatikana. Watu hupotea ziwani wakapatikana."

"Na nikikataa?"

"Muulize Hilda."

Hilda ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki Hilda akiwa darasa la tatu, na tangu hapo Ildefonsi alikuwa baba, akawa mama, akawa msusi. Shamba la kahawa la Mkumbi, alilorithi kwa baba yake, pamoja na ngolo zote ambazo marehemu mke wake alizichimba kwa mikono, aliliuza ili Hilda asome chuo hikihiki, mwaka huuhuu wa tatu, kozi hiihii. Alikuwa amebakiza mtihani na mahafali.

Alifungua mlango bila kuaga. Nje darasa zima lilikuwa limejipanga ukutani, limeshavaa viatu, limeshafuta machozi. Gertruda alisogea hatua moja.

"Mwalimu, tumefurahi. Kweli tumefurahi."

"Naona."

"Ila tulikuwa tunaomba." Aliwatazama wenzake. "Kaka zangu wawili waliacha shule ili mimi nifike hapa. Na wenzangu hawa, kila mmoja ana ya kwake. Ni Ijumaa tu, Mwalimu. Tukishapita, sisi wenyewe tutakwenda kijiji kwa kijiji kusema uko hai."

"Mmekubaliana wote?"

  Walikuwa watu aliowafundisha kushika udongo kwa kiganja na kuutambua, na sasa hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Alipita katikati yao akaenda zake.

Hilda alikuwa uani, kwenye nyumba yao ya kupanga nyuma ya soko, anafua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, cheupe, nywele ndiyo kwanza zinachomoza. Mtoto huyu alikuwa na nywele ambazo baba yake alijifunza kusuka kwa ajili yake, na alikuwa amezitoa kwa ajili ya baba yake.

Alimwona, akaacha nguo ndani ya beseni, akaja akamwangukia miguuni. Alilia mpaka sauti ikakatika. Machozi yale yalikuwa ya kweli, hilo nitalitetea kwa yeyote atakayenibishia barabarani.

"Baba. Baba jamani. Baba."

"Nipo, mwanangu. Inuka. Nipo."

Alimwinua, akamshika kichwa kile kisicho na nywele, naye akalia kidogo. Alisahau Dokta, alisahau mshumaa. Hilda alimwandalia maji ya kuoga, akasonga ugali, akakaanga mboga, akamtazama anavyokula kama vile mtu akila ni mchezo wa kuigiza. Ildefonsi alimmegea tonge akampa mkononi, kama zamani.

Ni baada ya kunawa ndipo Hilda alipouliza.

"Baba, wangapi wamekuona njiani?"

Mkono wa Mwalimu ulibaki juu ya taulo. Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho furaha ilikuwa imekifunika. Chuoni kijana mzima aliruka dirishani kwa kumwona. Huyu mwanawe, aliyenyoa kichwa, hakushtuka.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Gertruda alinipigia simu kabla hujafika."

"Akakwambia na ya Ijumaa."

"Aliniambia." Hilda alianza kukusanya vyombo, kisha akaviacha. "Baba, nisikilize, usikasirike. Mimi nimeshakulilia. Nimelala chini siku zote zile, nimegombana na Mungu. Leo amenirudishia, na sina shukrani ya kutosha. Lakini ni mpaka Ijumaa tu. Utakaa chumbani, nitakupikia, hakuna atakayejua."

"Unataka nife mpaka Ijumaa."

"Mimi sijasema hivyo."

"Unasemaje?"

"Wewe ndiye uliyesema. Siku uliyouza shamba. Ulinishika mkono hivi, ukaniambia, Hilda, hata nikifa, wewe maliza."

Ildefonsi alikumbuka. Alikuwa amelisema pale shambani, mnunuzi akiwa anapima kwa hatua, na lilimtoka kwa fahari kubwa.

"Nilisema nikifa," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nami nilikuahidi."

Sasa mwenye moyo aniambie, mzazi anajibu nini hapo? Ildefonsi aliinuka. Aliingia chumbani akavuta pazia.

Alikaa Jumatano, akakaa Alhamisi. Alijaribu kusoma, hakuweza. Watu wa mtaa walikuwa bado wanapita kutoa pole, na kila mlango ukibishwa Hilda alikuwa anafunga pazia vizuri na kwenda kupokea. Ildefonsi aliwasikia wote kupitia kitambaa kile. Jirani aliyekuwa anamdai jembe lake alisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mwenye nyumba alisema watu wema hawakai. Aliambiwa mema mengi ambayo alipokuwa mzima hakuna aliyewahi kuona haja ya kumtajia.

Alijiambia, vumilia. Ni mtoto wako. Ni siku moja imebaki.

Ijumaa asubuhi ndipo jambo dogo lilipoharibu yote. Hilda alikuwa ameshavaa sare ya chuo, yuko mlangoni, anafunga kamba za viatu. Mama Ottilia, muuza maandazi wa barabarani, alipita na beseni lake akamsalimia kwa sauti ya huruma.

"Pole, mwanangu. Unaendeleaje na msiba?"

"Asante, mama," Hilda alijibu, mwepesi, huku akisimama. "Tumeshapoa."

Ni jibu la kawaida. Mimi na wewe tunalitoa kila siku, kwa mafua, kwa safari, kwa msiba, bila kulifikiria. Lakini Ildefonsi alikuwa kitandani, futi chache kutoka pale, amekunja miguu ili kitanda kisilie, na lilimwingia mahali ambapo maneno ya Dokta hayakufika. Tumeshapoa. Alisubiri hatua za mwanawe ziishe barabarani. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.

Wakaguzi walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Profesa Hasna, ushungi mweupe, miwani ya kamba, sauti ya kubembeleza inayowatisha watu zaidi kuliko ukali. Alikuwa ameshatoa pole kwa darasa. Alikuwa ameshawasimamisha wote kwa dakika ya kimya. Sasa alikuwa amekaa mbele na kalamu yake, anatazama masomo ya marehemu ukutani, na Dokta Victor amesimama pembeni na suti ya msiba.

"Alikuwa mwalimu hasa," Profesa alisema. "Nyie watoto mna bahati, kawaachia sauti."

"Alijitoa sana," alisema Dokta. "Kama vile alijua."

Ukutani lori la Ngaka lilianza kunguruma, na yule Ildefonsi wa shuka akanyamaza kulisubiri lipite. Ni hapo mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa amevaa shati lile la safari, limefuliwa na Hilda, halijapigwa pasi. Azizi alimwona, na kidole chake kikabonyeza kitufe. Picha iliganda. Ildefonsi mmoja akawa amesimama ukutani na mdomo umefungwa, mwingine amesimama mlangoni.

"Samahani, mzee," alisema Profesa Hasna. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye huyo."

Alinyoosha kidole kuelekea ukutani. Dokta Victor alikuwa ameshafika pembeni yake, amemshika bega kwa upole mkubwa.

"Profesa, tunaomba radhi. Huyu ni mdogo wake marehemu, kutoka Mkumbi. Wanafanana sana, mwenyewe unaona. Msiba umemchanganya akili, maskini. Anakuja hapa, anasema yeye ndiye. Tunamstahi."

"Victor," alisema Ildefonsi. "Umenipa na mdogo."

"Unaona, Profesa."

Profesa alitazama ukuta, akatazama mlango, akatazama ukuta. Kisha akageukia darasa.

"Ninyi mmekuwa naye tangu mwaka wa kwanza. Ndiye huyu?"

Madawati yalilia kwa watu kujigeuza, kisha yakatulia. Gertruda alikuwa anatazama kucha zake. Yule kijana wa dirishani alifunga macho kabisa. Azizi alifungua mdomo, akakutana na jicho la Dokta, akaufunga, na mpaka leo hakuna anayejua alitaka kusema nini.

"Kuna ndugu wa marehemu humu?" Profesa aliuliza.

 Kisha katikati ya chumba mtu akasimama, kichwa kilichonyolewa.

"Nipo mimi."

"Wewe ni nani kwake, mwanangu?"

"Mtoto wake. Wa pekee."

"Pole sana. Sasa usiogope. Mtazame mtu huyu vizuri, usimwangalie Dokta, tuangalie mimi na yeye tu. Huyu ni baba yako?"

Hilda aligeuka. Alimtazama baba yake kuanzia viatu mpaka usoni, na Ildefonsi aliona midomo yake ikitafuta kitu, ikakikosa, ikakipata. Lilikuwa neno ambalo si uongo kabisa na si kweli kabisa. Alikuwa amelisoma mtandaoni, kama wenzake wote.

"Baba yangu hatunaye," alisema.

Profesa aliandika kitu. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akamgeukia na yule wa mlangoni.

"Umemsikia, baba. Na wewe unasemaje? Huyu ni mwanao?"

Hakuwa amelitazamia swali hilo. Njia nzima alikuwa amejipanga kusema yeye ni nani, na hakuna mahali alipojipanga kusema Hilda ni nani. Akisema ndiyo, mtoto huyu amemkana mzazi wake na kudanganya wakaguzi mbele ya chuo kizima, na hakuna chuo kingine nchini kitakachompokea. Akisema hapana, basi hakuna tena mtu duniani atakayekuja kumtafuta.

Hilda alikuwa bado amesimama. Ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, na nywele zilizokuwa zikichomoza kichwani pake zilikuwa fupi mno kusuka.

"Hapana," alisema Ildefonsi. "Mimi sina mtoto."

Hilda alikaa, taratibu, akalaza uso juu ya dawati.

"Basi nenda nyumbani, mzee wangu, upumzike," alisema Profesa Hasna. "Mungu akupe nguvu. Kijana, washa tuendelee na kazi."

Ildefonsi aligeuka aondoke. Dokta alimshikia mlango. Kilio alichokizuia kikamtoka kwa njia yake ya siku zote, hapohapo kizingitini. Alikohoa, kikavu, na mluzi mwembamba mwishoni.

Nyuma yake Azizi alibonyeza kitufe. Ukutani lori likaisha kupita. Yule mwingine, mwenye tai, akakohoa, kikavu, na mluzi mwembamba mwishoni.

"Haya, tuendelee," alisema ukutani.

Profesa Hasna alivua miwani.

"Simamisha hapo," alimwambia Azizi, bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia yule aliyekuwa mguu mmoja nje. "Na wewe mzee, usiondoke kwanza. Hebu kohoa tena."